Mama Tena na Tanuri Lenye Mlango Mbovu

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba, na ninaahidi kusimulia yote, hata yale ambayo shangazi yangu, ambaye ni katibu wa idara na pia mhariri wa jarida hili, amesema yangeweza kuachwa. Jumapili hii, tarehe 30, Profesa wetu wa nyenzo za nano anastaafu baada ya kukitumikia chuo kikuu kwa miaka thelathini na minne. Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii wenzake walikaa kikao, kila mmoja akadai mwingine ndiye anayemfahamu zaidi, na mwishowe mstaafu mwenyewe akasema aandike yule msichana wa mlango. Msichana huyo ni mimi. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya sekondari iliyo nyuma ya ukuta wa chuo, na sababu ya kuitwa hivyo nitaifikia.

Wanafunzi wake humwita Mama Tena. Tena si mtoto wake. Ni neno analolitumia kuliko mengine yote. Ukimpelekea matokeo mabaya husema, "Tena." Ukimpelekea mazuri hutabasamu, huyatazama juu chini, kisha husema, "Tena." Mgeni mmoja aliyetoka chuo cha mbali, baada ya kusikia kila mtu akimwita hivyo, alimuuliza kwa adabu Tena yuko darasa la ngapi. Akajibiwa kwamba Tena ni mtoto mgumu sana, kila mwaka anarudia.

Alianza kazi hapa akiwa mkufunzi msaidizi, wakati maabara yake ilikuwa bado stoo ya viti vilivyovunjika. Aliviondoa mwenyewe pamoja na fundi wa maabara, ambaye siku hizo alikuwa kijana mwembamba na leo ana wajukuu. Walikuwa na mizani moja na meza moja, na meza yenyewe waliiwekea kipande cha tofali chini ya mguu mmoja ili isiyumbe wakati wa kupima.

Kazi yake, kwa maneno ya mtu wa kidato cha tatu, ni kutengeneza vitu vidogo mno ili vifanye kazi kubwa ya umeme. Nano ni kipimo. Chukua unywele mmoja, ugawe unene wake mara elfu themanini, na kipande kimoja kati ya hivyo ndicho nanomita moja, au karibu sana na hapo. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilishika nywele zangu.

Miaka ya mwanzo alishughulika na rangi za kupaka kwenye vioo ili vinase umeme wa jua. Nyingine zilinasa vizuri mpaka mvua ya kwanza. Fundi anakumbuka walivyokimbilia juu ya paa na mwavuli mmoja, Profesa akakikinga kioo na yeye mwenyewe akalowa chapachapa. Rangi moja kati ya zile ndiyo iliyopakwa kwenye madirisha ya maktaba. Hadi leo inawasha taa za ngazi, na wanaosoma pale hudhani ni vioo vya kawaida ambavyo havijafutwa vumbi. Mimi pia nilidhani hivyo. Siku hizi nikipita pale napunguza mwendo.

Miaka kumi ya mwisho aligeukia kutunza umeme. Taa za jua zilizofungwa mitaani zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Jua lilikuwepo la kutosha, ila betri zilikuwa zinachoka mapema. Akaamua kutengeneza kitu kinachojaa upesi na kisichochoka upesi, tena kutokana na takataka. Alichagua vumbi la mbao kutoka karakana ya seremala wa chuo. Vumbi hilo huokwa katika tanuri kali lililojazwa gesi ya naitrojeni ili lisiungue likawa majivu, kisha huoshwa, hukaushwa, na kukandamizwa ndani ya kifaa cha duara ambacho maabara nzima hukiita kidonge. Fundi anapenda kuwaambia wageni, "Ni mkaa, ndiyo, lakini ni mkaa uliosomeshwa."

Nakumbuka siku niliyouona mkaa huo kwa darubini ya elektroni. Chumba kilikuwa na baridi na mashine ilinguruma chini kwa chini kama jokofu. Mama Tena aliweka chembe ambayo sikuweza kuiona kwenye ncha ya kidole chake, akaniambia nitazame kwenye kioo cha mashine. Niliona mapango. Ndani ya pango kulikuwa na pango, na ukutani mwa lile la pili vilikuwepo vitundu vingine, na alipokuza zaidi, vitundu navyo vikawa na vitundu. Akaniambia kwamba kuta hizo zote zikikunjuliwa, vijiko vitatu vya chai vya unga ule vingetosha kutandika uwanja wa mpira, na kwamba umeme hukaa kwenye kuta hizo kama watu wanavyokaa kwenye viti. Nilikuwa nafikiri kwamba hayo yote yametoka kwenye kitu ambacho seremala hukifagia jioni.

Sasa nieleze jinsi wasichana wa sekondari walivyoingia humo ndani. Mama yake Mama Tena alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kumshonea mteja kwa kielelezo kipya kabla hajampa jirani akishone kwanza bila kumwelekeza kwa mdomo. Gauni la jirani likitoka sawa, kielelezo kimefaa. Likitoka upande, anarudi kukichora upya. Binti yake aliichukua desturi hiyo akaileta chuo kikuu. Katika maabara yake hakuna anayeruhusiwa kusema "imefanikiwa" mpaka maelezo ya kazi yafuatwe na mtu ambaye hajawahi kuifanya, hajaambiwa matokeo yanayotarajiwa, na hana wa kumuuliza. Huko wanaiita mikono mingine. Wanaojua hukaa chumba cha pili na kugeuza migongo. Ndiyo sababu alikuja kwenye klabu yetu ya sayansi. Mwalimu wetu alimshukuru kwa kujitolea kutusaidia, naye akamkatiza. "Sijaja kuwasaidia," alisema. "Nimekuja kuomba mnisaidie." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, sisi ndio mikono mingine.

Mwezi wa Agosti alitangaza kwamba maelezo ya unga mweusi, yaani ule mkaa wa vumbi la mbao, yako tayari kwa ajili yetu. Kila mtu alijua uzito wa maneno hayo. Fundi alikuwa ameupika unga huo mara zisizo na idadi na haukuwahi kumwangusha. Lakini Mama Tena hakuwa ameutangaza nje, na Novemba ilikuwa inakuja. Akishaondoka, tanuri lile lingeondolewa pia, chumba kipakwe rangi, na jipya liletwe. Kama unga haungepita katika mikono mingine kabla ya hapo, angeiacha kazi ya miaka kumi bila kusema kwamba imefanikiwa, na kwa jinsi alivyo, asingesema kamwe. Tukapiga kura, na kura ikaniangukia mimi.

Nilisoma maelezo mara mbili kabla ya kugusa kitu, kama tunavyofundishwa kwa mitihani. Nilipima, nikasawazisha vumbi kwenye kibakuli cha kauri, nikafungulia gesi. Mstari mmoja ulisema: funga mlango wa tanuri. Niliusukuma, ukarudi. Nikausukuma kwa nguvu zaidi, ukarudi kwa upana wa ukucha. Nyumbani kwetu kabati la vyombo lina tabia hiyohiyo, na mama yangu hapendi mlango unaopepea, kwa hiyo tunaufunga kwa waya. Nikatafuta waya kwenye droo, nikauzungushia komeo, nikaukaza kwa koleo mpaka mlango ukatulia. Tanuri lilipopoa nikaufungua waya na kuurudisha mahali pake, maana nimelelewa kurudisha vitu.

Kidonge changu kilipowekwa kwenye kipimo, mstari ulipanda kidogo kwenye kioo, ukalala. Hakikubeba hata robo ya umeme waliouzoea.

Mkuu wa idara aliitwa. Ni mtu mwema na alitaka kuokoa mambo. "Profesa, huyu ni mtoto wa shule," alisema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia yote. "Kapima vibaya, au kamwaga kitu. Ukumbi wa kutangaza umeshapatikana, kadi zimetoka. Fundi apike, tumalize."

"Mama, mimi nikianza sasa hivi, kesho mnacho," fundi akadakia.

Mama Tena alinigeukia mimi. "Binti, ulifuata maelezo?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Basi yaliyokosea ni maelezo," akawaambia, "na iliyoyaandika ni mikono yangu. Kadi zirudishwe."

Naomba wasomaji wa jarida hili wakae kidogo na jambo hilo, kama mimi ninavyokaa nalo mpaka leo. Mtu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu aliliamini neno la msichana wa kidato cha tatu kuliko kazi yake mwenyewe ya miaka kumi. Nililia nikiosha vibakuli, ili ionekane ni maji.

Jumamosi iliyofuata alinitaka nirudie kila kitu mbele yao, kuanzia pale nilipotundika begi. Nilipofika kwenye tanuri, ambalo fundi alikuwa ameliwasha mapema, nikafungua droo na kutoa waya. Fundi akaangua kicheko. "Ee mwanangu, waya wa nini? Mlango ule haujafunga tangu bawaba ipinde! Sisi tunausukuma kwa goti tunakwenda zetu." Kisha kicheko chake kikakatika katikati.

Mama Tena alivua miwani. Alichana ukanda mwembamba wa karatasi, akausogeza kwenye upenyo wa mlango, na karatasi ikatikisika.

Kumbe kwa miaka yote ile hewa ilikuwa ikijipenyeza pale, kidogo na kwa uchoyo, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoboa vitundu kwenye mkaa. Mlango ukifungwa sawasawa, kama maelezo yalivyosema, kuta za ndani hazipatikani na umeme hauna pa kukaa. Ukiachwa wazi sana, vumbi linakuwa majivu. Bawaba iliyopinda ilikuwa imepatia kipimo ambacho hakuna mtu aliyekitafuta, na kwa kuwa kila mmoja aliuzoea mlango ule, hakuna aliyeona kwamba ulikuwa sehemu ya kazi.

Nilidhani atakasirika au atasikitika. Alicheka mpaka akashika meza. "Jamani! Mtafiti mwenzetu amesimama hapa miaka yote, tunampiga magoti, na hatujawahi kumtaja hata kwenye majina ya waandishi!"

Fundi hakucheka. "Kwa hiyo, Mama, tumerudi sifuri?"

"Hapana. Zamani tulikuwa tunaweza bila kujua. Sasa tunaanza kujua."

Wakainyoosha bawaba, mlango ukafunga, kisha wakapitisha bomba jembamba lenye koki ili hewa iingie kwa kipimo kinachoandikika. Septemba na Oktoba ziliishia kwenye koki hiyo. Hewa ilipozidi, tulipata majivu. Ilipopungua, tulipata unga mzembe kama wangu. Mama Tena alikuwa na haki ya kwenda likizo yake ya mwisho, hakwenda. Shangazi anasema alikuwa akimkuta ameketi mbele ya tanuri kwenye kile kiti kifupi, mikono kwenye magoti, kama mtu anayesubiri habari nje ya wodi. Mumewe, mwalimu mstaafu, alimletea chakula na akakaa naye. Huyo mumewe anasema nyumbani chai ikizidi sukari hunywa tu kimya, kwa sababu akisema lolote itapikwa upya na mpishi atakuwa yeye.

Maelezo mapya yalipokamilika mapema mwezi huu, niliinua mkono. "Wewe hapana," akaniambia. "Mikono yako imeshaujua mlango." Wenzangu wa klabu nao hawakufaa, kwa kuwa nilikuwa nimewasimulia yote kwa furaha siku ileile. Muda ulikuwa umebana. Fundi akatoka nje bila kuaga, akarudi na seremala.

Seremala wa chuo ndiye aliyetoa vumbi la mbao miaka yote kumi. Hakuwahi kuuliza linakwenda wapi, maana aliamini tunawatandikia panya wa majaribio. Aliingia na penseli nyuma ya sikio, akavishwa koti jeupe lililombana mabega na miwani ya kukinga. "Nikiunguza jengo mtajua wenyewe," alisema. Sisi tukaenda chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya usalama na midomo ikiwa imefungwa kwa ajili ya desturi. Alisoma maelezo kwa sauti kubwa kama anayesoma risala. Alipofika penye "osha mpaka maji yawe safi," tukamsikia anaita, "Safi ya kunywa au safi ya kuogea?" Hakuna aliyejibu. "Haya bwana, ya kunywa." Mama Tena aliniinamia sikioni. "Hilo ni kosa langu," alinong'ona. "Nikumbushe nilirekebishe."

Kidonge cha seremala kikawekwa kwenye kipimo. Mstari ukaanza kupanda. Nilikuwa nimekibana kidole cha shangazi kwa nguvu mpaka akaniambia kidole hicho bado anakihitaji kwa kupiga chapa. Mstari ukapita pale wangu ulipolala. Ukapanda, ukafika alama ya fundi, ukaipita kidogo, ukatulia. Wakakiacha kijazwe na kumwagwa, kijazwe na kumwagwa, juma zima na zaidi, na tuliporudi kukitazama kilikuwa hakijachoka.

Mama Tena alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Sote tulikuwa tunalisubiri lile neno lake. Fundi alikuwa ameshainama kuokota vibakuli aende kuviosha kwa mzunguko mwingine.

"Acha vibakuli," akasema. "Imefanikiwa."

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni, na vibakuli mapajani. Aliniambia baadaye kwamba mara ya mwisho kulisikia neno hilo kinywani mwa Profesa nywele zake zilikuwa nyeusi, na ilikuwa ni kwa ile rangi ya madirisha ya maktaba. Mkuu wa idara alivua kofia. Seremala alitutazama mmoja mmoja. "Sasa mbona mnalia?" aliuliza. "Si ndicho mlichokitaka?"

Kesho, Jumamosi, Mama Tena atatoa mhadhara wake wa kuaga, na atautangaza unga mweusi mbele ya watu wote. Ameomba picha ya kwanza kuonyeshwa iwe ya bawaba. Kadi zimetoka upya na safari hii hazitarudishwa. Taa tatu za njia inayotoka lango kuu hadi bwenini zimeshafungwa vidonge vilivyotokana na maelezo yaliyopita mikononi mwa seremala, na yeye mwenyewe huwapeleka wageni kuziona, akizieleza kama mtu aliyejenga nyumba.

Shangazi amenikumbusha kutoa shukrani kwa niaba ya idara, nami nazitoa kwa moyo wote. Madaktari wa falsafa aliowalea wanafundisha katika vyuo vingi, na ninaambiwa utawatambua kwa kuwa hawana haraka. Mama Tena, fundi anakushukuru kwa kutomwita "kijana" hata siku ambazo alistahili. Mkuu wa idara anakushukuru kwa kumkatalia, na amesema niandike hivyohivyo bila kupunguza. Klabu yetu inakushukuru kwa kutuomba msaada. Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuomba msaada wa kweli, wenye kitu ndani yake cha kupoteza. Mama Tena, uondoke kwa amani, mwili uwe na afya, usingizi uwe mrefu, na mzee wetu nyumbani apate hatimaye chai yenye sukari ya kiasi anachokitaka.

Limebaki langu moja, nalo silisemi kwa niaba ya mtu. Mwezi Januari nitaoka mabunzi ya mahindi yaliyopukuchuliwa katika tanuri dogo tulilojenga nyuma ya maabara ya shule. Maelezo nimeyaandika mwenyewe, nimeyafuta na kuyaandika upya, na sijamwambia mtu yeyote ninachotarajia kukipata. Nimeeleza mlango ufungwe vipi. Ninachokosa ni mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, ambaye atanifuata neno kwa neno hata pale nilipokosea, na ambaye hatanionea huruma. Nimefikiri sana kabla ya kuandika hapa, na shangazi amesema jibu lako ataniletea jioni ileile utakapolitoa. Mama, je, utakubali kuwa mikono yangu mingine?